Foleni ya Migongo

Saa mbili asubuhi Inspekta Kucha alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta wa hospitali, anaukwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kituoni, mitaani, hata kwa dada zake, alikuwa Kucha, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akikwangue. Alishakwangua meza, noti, soli za viatu vya marehemu. Alifanya hivyo bila hamu, kama mtu anavyojikuna.

"Afande," mlinzi wa geti alimwambia kwa nyuma, "unaharibu picha ya watu."

Alikuwa mama wa makamo, rungu kwapani, koti la kazi limempwaya mabegani.

"Picha ya nani, mama?"

"Sijui ya nani. Ila unaiharibu."

"Hiyo picha yenyewe ndiyo uharibifu. Ndivyo faili linavyosema."

"Kumbe unaharibu uharibifu." Mlinzi alilitafakari hilo kidogo. "Sijui hiyo nayo ina kifungo gani."

Kucha hakucheka. Tangu mwaka uanze hakuwa mtu wa kucheka wala wa kununa. Alikuja kazini, akafanya kazi, akarudi. Alifuta vumbi jeupe kwenye kidole, akalitazama, akalipaka kwenye ukurasa wa daftari lake na kuandika pembeni: *chini ya picha, nyeupe*.

Ukuta ulikuwa na urefu wa hatua thelathini na mbili. Juu yake walichorwa watu kumi na tisa wakiwa kwenye foleni, kimo cha watu kamili, wote wamegeuza migongo. Mwanamke kabeba mtoto, kichwa cha mtoto kimelala upande. Mzee kashika bahasha kubwa ya eksirei nyuma ya makalio. Mtu mnene kahamishia uzito wote kwenye mguu wa kulia, na ukimtazama sana unaanza kusikia goti lako likiuma. Hakukuwa na uso hata mmoja. Na kati ya mtu wa sita na wa saba palikuwa na nafasi, ya mtu mmoja hasa, ambayo haikuchorwa kitu.

Picha ilionekana Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo, askari wa doria alimkuta binti mmoja amesimama mbele yake na begi lenye makopo mawili ya rangi ya kupuliza. Mjini kote alijulikana kwa kunguru wadogo weusi anaowachora kwenye kuta, kwa hiyo naye akaitwa Kunguru. Askari alimuuliza, hii ni yako? Akasema, ni yangu. Akaandikisha maelezo, akatia saini. Leo Alhamisi, saa nane mchana, alikuwa afikishwe mahakamani kwa kuharibu mali ya umma. Ilikuwa mara yake ya tatu, na mara ya tatu sheria haina faini. Ni miaka miwili jela.

Mkuu wa Kituo alifurahia faili hilo jembamba. Kesho kulikuwa na wageni wakubwa wa kukagua hospitali, na leo saa sita fundi wa manispaa angekuja kuufuta ukuta. "Amekiri mwenyewe," Mkuu alimwambia Kucha jana. "Ukuta tumeshaupiga picha kwa kamera. Wewe unatafuta nini tena?"

Kucha alikuwa akitafuta jinsi binti mwenye makopo mawili, jeusi na la njano, aliweza kuchora picha yenye rangi zisizopungua kumi na tano, kwa brashi.

Jana nzima aliipoteza kwa mchora mabango wa stendi. Ndiye mtu pekee aliyemjua mwenye mkono wa kuchora binadamu namna ile. Mchora mabango alimsikiliza, akacheka mpaka akashika meza. "Mimi nichore watu kumi na tisa bure? Mke wangu angeniitia daktari." Wiki ile nzima alikuwa juu ya ngazi anaandika jina la duka la magodoro, na mtaa mzima ulimwona. Lakini Kucha alipokuwa anaondoka, yule bwana alisema jambo moja: "Nilikwenda kuitazama. Huyo mtu anauheshimu ukuta kuliko picha."

Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa amepiga magoti.

"Mama, huu ukuta ulikuwaje kabla?"

"Takataka," alisema mlinzi. "Ukungu mweusi tangu niajiriwe. Hapo kwa huyo mwenye mtoto palikuwa na ufa, mkono unapita. Mvua ikinyesha, ndani kwenye dirisha la dawa walikuwa wanatega ndoo."

"Na sasa?"

"Mvua ya juzi hawakutega."

Kucha alipapasa mgongo wa mwanamke mwenye mtoto. Ufa ulikuwa umezibwa kwa simenti, ukapigwa plasta, plasta ikasuguliwa kwa msasa mpaka ikawa laini kama bamba la kioo. Juu yake ilipakwa rangi ya chini, ile nyeupe ya kufunga ukuta, mara mbili. Halafu ndipo picha. Mwenye haraka ya kukimbia polisi hasubiri plasta ikauke.

"Wiki iliyopita nani alikuja hapa?"

"Hakuja mtu."

"Siku zote saba?"

"Nakwambia hakuja mtu. Wagonjwa tu, na wale wa turubai."

"Wa turubai wepi?"

"Si manispaa! Waliweka koni, wakafunika ukuta turubai la bluu, siku nne. Mchana kweupe. Kazi tu hiyo, afande, wewe umeniuliza mtu."

"Walikuwa wangapi?"

Mlinzi alianza kuhesabu kwa vidole. "Sasa ukiniuliza hivyo," alisema, "ni kama alikuwa mmoja."

Kabla ya kuondoka Kucha aliinama tena. Miguu ya wale watu kumi na tisa haikufika chini. Picha yote iliishia juu ya ardhi kwa mstari ulionyooka, ikaacha ukanda wa saruji tupu. Aliupima kwa mkono: shubiri moja. Akaenda mwisho wa ukuta, akapima tena. Shubiri moja, bila kuzidi wala kupungua.

Alitembea mjini saa moja na nusu. Alikwenda posta, sokoni, nyuma ya shule ya msingi, kwenye daraja la waenda kwa miguu. Kila mahali ambapo manispaa ilikuwa imefuta michoro ya vijana kwa ile rangi yake ya kijivu. Yalikuwa mabaka makubwa ya mraba ambayo watu walishazoea kutoyaona. Kila alipofika aliinama, akapima chini, akaandika. Watu walimpisha, wakidhani ameangusha kitu. Baadaye akapiga simu ofisi ya manispaa, akauliza swali moja, akajibiwa, akashukuru.

Saa tano na nusu alikuwa amerudi hospitalini. Koplo alimleta Kunguru kwa gari, pingu mikononi, ili aonyeshe alivyotenda. Utaratibu unaruhusu hivyo hata kwa aliyekiri. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Foleni ya kweli, ile ya wagonjwa, ilikuwa imepanga ukutani kama kila siku, na watu waligeuka kumtazama. Wawili walimpungia.

"Ulianzia wapi?" Kucha aliuliza.

"Kushoto."

"Kwa kopo?"

"Kopo, na brashi. Brashi nilizitupa."

"Chini ya picha ulipaka nini?"

"Nilichora tu, mzee. Ukuta ulikuwa safi."

Mlinzi alikohoa. Kucha hakumtazama.

"Hii nafasi hapa, ya saba. Kwa nini tupu?"

Kunguru aliitazama kwa muda. Alikuwa ameitazama sana Jumatatu pia, hilo lilionekana. "Picha inataka kupumua," alisema.

"Kunguru wako huwa unawafikisha chini kabisa, mpaka ardhini. Nimewaona sita leo, wale ambao bado hawajafutwa. Hawa umewaachia shubiri nzima. Kwa nini?"

Kunguru aliinama kuutazama ukanda ule, kana kwamba anauona leo.

"Binti, saa nane si mbali. Hakimu hatakuuliza mambo ya kupumua. Atasoma saini yako, atakupa miaka miwili, ataita faili linalofuata. Hii si yako."

"Ni yangu."

"Si yako, na hilo unalijua."

"Wewe unajuaje?" Sauti haikupanda, ilikuwa imechoka tu. "Nina miaka mitano nachora. Hakuna mtu aliyewahi kusimama. Wanapita. Jumatatu nimefika hapa nakuta watu thelathini wamesimama, hakuna anayeongea. Mama mmoja ameshika mdomo. Huyo askari akaniuliza ni yako, mdomo ukasema ndiyo. Ulikuwa umeshasema."

"Na tangu Jumatatu mdomo haujaweza kusema hapana?"

"Ningesema hapana ningerudi kuwa wa kunguru," alisema. "Heri huko ndani, niwe wa hii."

Koplo alitingisha kichwa. "Kuna watu wana kiu ya ajabu."

Saa sita kasoro dakika tano, pikapu ya manispaa iliegeshwa nje ya geti. Dereva wake alishuka peke yake: mzee mkavu, ovaroli limejaa madoa, kofia imekakamaa kwa rangi. Mji mzima ulimwita Mzee Kijivu. Aliteremsha koni nne, akazipanga. Akashusha ndoo, rola, turubai la bluu. Akawaomba wagonjwa wasogee upande wa pili, tafadhali, rangi inaruka. Aliwaita mama na baba, kila mmoja.

"Shikamoo, mzee," alisema Kucha, ingawa hawakupishana sana kwa miaka.

"Marahaba, afande. Nianze?"

"Nisaidie kwanza. Wewe ukifuta ukuta, chini unaachaje?"

"Naacha shubiri." Alijibu kama anayetaja saa. "Wafagizi wanarusha maji. Ukifikisha rangi chini, mwezi haupiti imebanduka, na ikibanduka chini inapandisha mpaka juu."

"Mafundi wote wanaacha?"

"Wote? Mafundi wa siku hizi hata msasa hawaujui. Ni mimi tu."

Halafu akainama. Aliangalia chini ya ukuta, kwenye miguu kumi na tisa iliyosimama juu ya shubiri yake, kama mtu aliyekutana na mwandiko wake mwenyewe kwenye barua ya kashfa.

"Nimezoea," alisema taratibu. "Mkono ulijiachia wenyewe."

"Na plasta?"

"Ukuta mbovu siupaki. Siwezi. Hata nikitaka."

"Manispaa wameniambia wiki ile ulikuwa likizo. Turubai hili hili?"

"Hili hili."

Kunguru alikuwa ameinua kichwa. "Wewe?" alisema. "Wewe ndiye unayefuta!"

"Ndiyo, binti."

"Umenifuta mimi miaka mitano! Hata hujui umefuta nini!"

"Arobaini na moja," alisema Mzee Kijivu. "Wa kwanza ulimchora ukuta wa posta, upande wa masanduku. Hakuwa na miguu. Ulikuwa hujui kuchora miguu ya ndege. Wa tisa ndiye aliyepata miguu, lakini kama uma wa kulia chakula. Yule wa darajani, anayetazama nyuma, nilikaa naye mpaka saa ya chakula ikapita. Halafu nikamfuta."

Kunguru alisogea mpaka kwenye ndoo ya rangi. Alikaa juu ya kifuniko chake, pingu mapajani.

"Kwa nini, mzee?" Kucha aliuliza. Alikuwa amefungua daftari.

Mzee Kijivu alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Alisimulia kama anayesoma orodha ya vifaa.

"Mke wangu alikuwa anakuja kliniki. Mwezi wa tatu alisimama hapa, wa saba. Saa nne akaanguka, wakambeba ndani. Mimi nilikuwa sokoni nafuta ukuta, simu ikanikuta saa nane, nikafika saa tisa. Nikaikuta foleni. Nafasi yake ipo. Foleni ikisogea, wanasogea, na nafasi inasogea nao. Saa tano nzima, afande, na dirisha linafungwa saa tisa na nusu. Nikamuuliza dada aliyekuwa nyuma yake, mbona hujaziba? Akaniambia, namshikia mwenzangu, anarudi."

"Hakurudi."

"Hakurudi. Wala sikulipata jina la yule dada. Wala wengine. Niliwaona migongo tu wakati wanaondoka."

Kucha aliandika. Upande wa pili wa njia wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa njia. Huenda walisikia, huenda hawakusikia. Koplo alikuwa anachunguza kamba ya kiatu chake.

"Hiyo ni sanaa, mzee wangu," alisema Kunguru. "Hiyo siyo kesi."

"Usiseme hivyo."

"Nani asiyeona..."

"Usiseme!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. Akaishusha tena mahali pake. "Miaka ishirini na miwili nafuta. Nilikuwa naambiwa ni uchafu, na mimi najiambia ni uchafu, ndiyo mkono ulivyoweza. Leo changu kiwe sanaa? Basi vile vyote vilikuwa nini? Arobaini na moja vyako pekee. Lazima huu uwe uharibifu, binti. La sivyo mharibifu nilikuwa mimi."

Akamgeukia Kucha. "Niandike mimi, afande. Mtoto wa watu mwache aende. Sikujua kama mmekamata mtu. Leo ndiyo nimeambiwa kuna mtu. Niandike, halafu niache nifute kabla ya wageni. Ni kazi yangu, na iko kwenye ratiba."

"Utamwaga unga, mzee. Zimebaki siku ngapi ustaafu?"

"Miezi mitatu."

"Mlinzi anasema ukuta hauvuji tena. Naweza kuandika hakuna hasara. Hasara isipokuwepo, kesi inalegea."

"Ulipaka bila kibali mali ya umma?" aliuliza Mzee Kijivu, kwa sauti ya mtu anayesoma fomu. "Nilipaka. Andika hivyo."

Kucha aliandika hivyo. Mzee alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, akatia saini. Kisha Kucha akapiga simu kituoni, akasema jina la Kunguru litolewe kwenye orodha ya saa nane, maelezo yake yamekanushwa na ushahidi wa eneo la tukio. Koplo alimfungua pingu. Kunguru hakuondoka. Alibaki juu ya ndoo, anasugua vifundo vya mikono.

Mkuu wa Kituo alifika saa sita na nusu, jasho limempanda, akakuta ukuta bado una watu.

"Kucha! Huyu mzee kakaa tu, rola iko wapi? Wageni ni kesho asubuhi!"

"Fundi yuko chini ya ulinzi, Mkuu."

"Nani?"

"Fundi. Yeye ndiye aliyechora. Amekiri, na safari hii maelezo yanalingana na ukuta."

Mkuu alimtazama Mzee Kijivu, akatazama picha, akamtazama tena. Alipiga mahesabu ya haraka na yote yakagoma. "Haya. Afute kwanza, ndipo umkamate."

"Mshtakiwa hagusi kielelezo."

"Basi nitaleta mtu mwingine afute!"

"Hakuna atakayegusa." Kucha alizungumza kwa sauti ile ile ya asubuhi, isiyo na moto wala baridi. "Yule binti tungemfunga kwa picha za kamera kwa sababu kesi yake ilikuwa saini tupu. Kesi hii ushahidi wake uko chini ya rangi. Plasta, msasa, nyeupe mara mbili, na hiyo shubiri. Kamera haioni chini. Hakimu itabidi aje mwenyewe akwangue, na wakili naye, na mtaalamu wa manispaa. Tukipaka kijivu hapa leo, mimi na wewe tutashtakiwa kwa kuharibu ushahidi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

Mkuu alijua kesi zinavyokwisha. Ile ya geti la shule lililogongwa na lori ilikuwa imeshapitiwa na mahakimu watatu, mmoja wao akastaafu, na geti bado lilikuwa ghalani na kikaratasi chake. Alifuta shingo kwa leso. Akaenda kukaa ndani ya gari, akaanza kupiga simu, moja baada ya nyingine.

Kucha alitoa utepe wa polisi kwenye begi. Alianza kuufunga kwenye bomba la maji upande wa kushoto, akaupitisha mbele ya migongo yote, Kunguru akamshikia ncha ya pili bila kuombwa.

"Afande," alisema Mzee Kijivu. "Nilikuomba ifutwe."

"Nilisikia, mzee. Lakini si yako tena. Ni ya mahakama."

Mzee alikubali kwa kichwa. Alisimama kando ya pikapu, mikono mbele, akisubiri pingu ambazo Kucha hakuwa na haraka nazo. Wagonjwa walianza kurudi upande wao, mmoja mmoja, wakitafuta nafasi zao.

"Basi waambie wasiegemee," alisema. "Tabaka la juu bado bichi. Linataka wiki tatu."

Kucha alifungua daftari, akaandika na hilo.